Leta unachopika ukiwa umefunga mlango: jioni ya vyakula vya majimbo ya India hapa Bengaluru

MwanaTanga_Blr:

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wa nne niko Bengaluru. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Miaka mitatu ya mwanzo mtu angeniuliza Wahindi wanakula nini ningemjibu kwa menyu ya hoteli: biriani, kuku wa tandoori, naan, paneer, dosa. Jumamosi iliyopita nimekaa sakafuni na majirani zangu watano tukala hadi saa nne usiku, na katika vyungu vyote vilivyopita mbele yetu hapakuwa na kitu hata kimoja cha kwenye orodha hiyo. Naandika kirefu kwa kuwa najua humu wapo wengi wenye vijana Pune, Hyderabad na Chandigarh, na wengi wao watamaliza shahada bila kukanyaga jiko la jirani.

Ilianza na dagaa. Nilikaanga dagaa wa Kigoma niliowapokea kutoka kwa mgeni wa nyumbani, saa mbili usiku, dirisha wazi. Asubuhi mwenye nyumba akapiga simu: watu wa jengo wamelalamikia harufu. Tangu siku hiyo nikitaka kupika cha kwetu nafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa taulo. Sasa siku moja kwenye lifti dada wa ghorofa ya tatu, Mnaga kutoka Dimapur, jimbo la Nagaland, akaniambia kwa sauti ya chini: "Taulo lako huwa naliona. Mimi pia naziba." Yeye kinachomfungisha mlango ni axone, hutamkwa kama akhuni: soya iliyochemshwa, ikafungwa kwenye majani, ikaachwa karibu na moto siku kadhaa mpaka ichachuke. Kwa lugha yake ya Kisumi jina lenyewe linamaanisha harufu kali.

Tukapanga humohumo kwenye lifti. Tualike majirani wachache, na kila mmoja alete kile anachopika akiwa amefunga mlango. Kisiwe cha Diwali, kisiwe cha harusi, kisiwe cha kumpendeza mgeni. Kiwe cha Jumanne.

Waliokuja: akka wa Mandya, jimbo hilihili la Karnataka (akka ni dada mkubwa kwa Kikannada, na jengo zima linamwita hivyo), chechi wa Kottayam kule Kerala (naye ni dada mkubwa, ila kwa Kimalayalam), mama mmoja wa Kolkata, Bengal Magharibi, tunayemwita mashi, yaani mama mdogo, kijana wa Jodhpur kule Rajasthan, dada wa Dimapur, na mimi.

Kijana wa Jodhpur ni Mjaini, yaani wa dini ya Kijaini, na hapo ndipo jioni nzima ilipopangika. Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai, hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba yeye hali pia vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti, mihogo, tangawizi mbichi, kitu chochote kinachong'olewa ardhini na kuua mmea pamoja na vijidudu vilivyomo. Na hali baada ya jua kuzama. Mwezi wa kwanza hapa jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Kwa hiyo tulianza saa kumi na moja: kwanza vyungu vyote anavyoweza kula yeye, kisha akanawa, nami nikaenda kuswali Magharibi chumbani, niliporudi ndipo samaki na muhogo vikafunuliwa, na yeye akabaki kwenye mazungumzo na glasi yake tupu.

Mimi nilikuwa nimekusudia pilau. Nani anapika pilau bila kitunguu? Nikaiacha. Nikapika ndizi mbichi za nazi, ambazo kwa bahati Wajaini huzipenda kwani ndizi mbichi ndiyo wanayoitumia mahali pa kiazi. Nilizipikia jikoni kwa akka, kwa sufuria yake, maana jikoni kwangu samaki hupita. Nikakosea mara moja: nilichota tui kwa mwiko, nikaonja, nikaurudisha mwiko chunguni. Akka akashika mkono wangu. Kwa Kikannada wanaita enjalu, kwa Kihindi jhootha: chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu hakigawiwi tena. Kwao hata mpishi haonji, chumvi anaikisia kwa harufu na kwa mkono. Nilinyamaza, maana bibi yangu Pangani naye asingekubali mwiko urudi. Yeye alikuwa akidondoshea kiganjani. Sufuria ile nikaibeba kwangu, nikakuna nazi nyingine nikaanza upya.

Sasa vyakula.

Akka alileta ragi mudde. Wakuu, huu ni ugali wa ulezi. Bonge jeusi la duara, linang'aa, la kutosha kiganja. Karnataka ndilo jimbo linaloongoza India kwa ulezi, na wakulima wa Mandya ndicho kinachowashikisha jembe. Nilipomwambia kwamba ulezi asili yake ni kwetu, nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulivuka bahari kuja India maelfu ya miaka iliyopita, aliniangalia kwa muda kisha akaniongezea bonge la pili. Tofauti ni namna ya kula: hautafunwi. Unakata tonge, unalichovya kwenye mchuzi, unalimeza zima. Nilitafuna, wakanikataza wote kwa pamoja. Mchuzi ulikuwa wa avarekai, maharage ya msimu huu wa baridi ambayo Desemba na Januari yanajaa kila kona ya Bengaluru. Akka huyaloweka, kisha anayaminya moja moja kwa vidole mpaka ganda linatoka na kokwa linaruka. Kilo mbili, akiwa anatazama tamthilia. Mahali pa kitunguu aliweka mvuje.

Mvuje! Kwetu Tanga mvuje niliujua kama dawa ya mtoto mchanga, kipande cheusi kinachofungwa kwenye kitambaa. Huku ni kiungo cha kila siku. Kiasi cha punje ya mchele kwenye samli ya moto na ile harufu kali inageuka, inakuwa kama kitunguu kilichokaangwa taratibu. Mvuje wenyewe unatoka zaidi Afghanistan na Iran. India walianza kujaribu kuupanda 2020 tu, milimani Himachal Pradesh.

Kijana wa Jodhpur alileta ker sangri: vitunda na maganda ya mbegu ya miti ya jangwani, vimekaushwa, vinalowekwa usiku kucha na kupikwa kwa mafuta na pilipili kavu. Chachu na ukali, na kinachoganda mdomoni ni kama kula kitu kilichohifadhiwa muda mrefu sana na mtu mwenye busara. Pia gatte, vidonge vya unga wa dengu kwenye mchuzi wa mtindi. Alisema kwao maji ni haba na mboga mbichi ni chache, kwa hiyo mtindi ndio maji ya kupikia na unga wa dengu ndio mboga.

Mashi aligoma kuweka vyakula vyote mara moja. Bengal wanakula kwa zamu, na zamu ya kwanza ni uchungu: shukto, mboga zenye karela ndani yake, inafungua tumbo. Siku hiyo aliitoa viazi kwa ajili ya mwenzetu. Kisha baada ya Magharibi akaja na samaki wa rui kwenye haradali. Siri aliyonipa naiandika hapa: haradali ukiisaga peke yake inakuwa chungu, isage pamoja na chumvi na pilipili mbichi, na usiisage kwa muda mrefu. Mafuta ya haradali yenyewe unayapasha mpaka yatoe moshi, kisha unapunguza moto.

Chechi alileta avial, mboga zilizokatwa virefu, ndani mna maganda ya mlonge, na nazi na mtindi, mwisho mafuta mabichi ya nazi. Na usiku akafunua kappa na meen curry. Kappa ni muhogo. Umechemshwa, maji yakamwagwa, ukapondwa na nazi, manjano, bizari nyembamba na pilipili za kijani. Kerala wanamkumbuka mfalme wao wa Travancore, Visakham Thirunal, aliyetawala 1880 hadi 1885, kwa kuhimiza watu waupande. Na Vita vya Pili vya Dunia vilipokata mchele wa Burma, muhogo ndio uliowavusha. Samaki alikuwa mwekundu, kwenye chungu cha udongo, amepikwa jana yake, akitiwa ukali na kudampuli, tunda kavu jeusi linalofanya kazi ya ukwaju. Muhogo na samaki wa mchuzi. Nilikuwa Bengaluru lakini tonge lilikuwa la Pangani, sina namna nyingine ya kusema.

Mwisho dada wa Dimapur. Aliniuliza mara tatu kwenye simu kama kweli alete. Kwao axone hupikwa na nguruwe wa moshi, lakini alijua mimi simli, kwa hiyo alichoma nyanya kwenye moto, akaziponda na axone na pilipili ya kwao, ile ambayo mwaka 2007 Guinness waliitangaza kali kuliko zote duniani. Alifungua kibakuli akiwa bado amesimama mlangoni. Harufu ikaingia. Mashi akanusa, akauliza, "Hii ni soya?" Akachukua kidogo na wali. Akachukua tena. Akka akafuata. Dada akakaa chini.

Ladha yake nimeitafutia mfano siku tano: iko karibu na dagaa waliokauka vizuri wakipondwa na pilipili. Nilimwambia hivyo. Akasema basi mwezi ujao lete dagaa.

Maswali karibuni. Na wale mliowahi kula kwa jirani wa Kihindi, popote mlipo, semeni mlikula nini na ni wa jimbo gani.

Njoro_Nax:

Kaka, hizo avarekai nimezitafuta picha. Hizo ni njahi! Kwetu mzazi akijifungua anapikiwa njahi. Zetu ni nyeusi zikikauka lakini ni mmea uleule. Sijawahi kufikiria mtu anaweza kuzimenya moja moja.

MwanaTanga_Blr:

Ndizo, mkuu. Tanzania wengi tunaita fiwi. Akka anakula zikiwa bado mbichi za kijani, ndiyo maana anamenya.

BintiBhadala:

Mie Mbhadala wa Mombasa, wazee wetu walikuja kwa majahazi kutoka Mandvi, Kachchh. Kakangu umenigusa pale uliposema chakula cha Jumanne. Watu wakija kwetu wanataka biriani. Nyumbani chakula chetu cha Jumanne ni khichdi ya choroko na kadhi ya mtindi, na papadi ya kuchoma, na achari ya embe. Mgeni akikuta hicho mama yangu huona haya, akatuma mtoto dukani. Marehemu nyanya yangu ndiye alikuwa haoni haya; akisema mtu akila khichdi kwako si mgeni tena.

Wengi wa Wahindi wa pwani hii asili yao ni Kachchh, Kathiawar na sehemu nyingine za Gujarat, na si India nzima. Ndiyo maana Mswahili akifika Kerala au Bengal anashangaa. Na hata huko Gujarat kwenyewe si kumoja: kadhi ya watu wa Ahmedabad ina sukari, ya kwetu haina, watu wa Kathiawar wanakula mkate wa uwele na chatne ya vitunguu saumu yenye moto, watu wa Surat wana undhiyu yao, mchanganyiko wa mboga za msimu wa baridi.

Halafu jambo moja la kufurahisha. Muhogo kwetu tunaita mogo. Ni neno lenu, tukalifupisha. Jamaa zetu waliohamia Uingereza wakaenda nalo, na leo London ukiingia mkahawa wa Kigujarati utakuta mogo wa kukaanga na pilipili kwenye menyu. Mwenzenu wa Kerala anaita kappa, sisi mogo, na muhogo ni huohuo.

MwanaTanga_Blr:

Bibie ahsante sana. Nimemsomea chechi hilo la mogo, amelirudia mara kadhaa.

Gallapo_Shamba:

Mimi ni mkulima wa mbaazi Babati. Nasoma nyuzi nyingi za vyakula humu lakini hii naomba niulize: hizo mbaazi zetu zinakwenda kwenye chakula gani hasa? Tunalima, tunapakia magunia, wanasema zinakwenda India, basi. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 za kuingiza kwa mwaka bei hapa ilianguka mpaka wengine wakaziacha shambani. Nimeathirika na chakula ambacho sijawahi kukiona kwenye sahani.

MwanaTanga_Blr:

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako limenikalisha.

Mbaazi zikikobolewa na kupasuliwa vipande viwili zinakuwa toor dal, ya njano. Huku kusini ndiyo roho ya sambar: zinachemshwa mpaka zinasagika, zinatiwa ukwaju, mboga na unga wa viungo wa nyumba hiyo, juu yake mafuta ya moto yenye haradali, pilipili kavu, mvuje na yale majani ya mchuzi. Asubuhi inaliwa na idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, mchana na wali. Gujarat wanaitengeneza nyepesi na tamu kwa sukari guru, Maharashtra wanaiita varan na kuila na wali na samli. Yaani ni chakula ambacho nyumba nyingi huku hazipitishi wiki bila hicho.

Nilienda duka la chini ya jengo jana kwa ajili yako. Mwenye duka ameniambia kiroba alichofungua asubuhi ni cha Afrika, ila hajui nchi. Nitawaomba wenzangu tupige picha ya sambar nikuwekee hapa.

Gallapo_Shamba:

Marahaba kijana. Weka. Na mama watoto anataka kuona namna wanavyoipika.

Kiroboto_Delhi:

Mkuu, simulizi zuri ila usiwapambie watu. Mimi Delhi nilizungushwa miezi miwili kutafuta chumba. Kila nikifika swali la kwanza: unakula nyama? Na la pili halisemwi lakini unaliona usoni. Chakula huku kinatumika kumpimia mtu. Wewe umepata majirani wazuri.

MwanaTanga_Blr:

Sipambi, ndugu yangu. Mwenye nyumba wangu hajabadilika, na Jumamosi tulifungua madirisha tukijua Jumapili huenda simu italia. Haikulia, lakini ingeweza. Dada wa Dimapur ni raia wa India na bado anaulizwa katoka nchi gani, kisha anaambiwa chakula chake kinanuka. Mimi na yeye tulifahamiana kwa sababu ya hilohilo unalolisema.

Ninachoweza kukwambia ni kwamba yule Mjaini, ambaye kwa masharti yake ndiye ungemdhania mgumu kuliko wote, ndiye aliyesema nyumba yake itumike mwezi ujao kwa ile sehemu ya kabla ya jua kuzama. Samaki ataliwa kwa mashi, ghorofa ya pili.

Neema_PuneJulai:

Kaka shikamoo. Naenda Pune Julai, kozi ya miaka mitatu. Nibebe nini? Mama ananifungia sembe kilo kumi, mwiko, na mbuzi ya kukunia nazi.

MwanaTanga_Blr:

Marahaba mdogo wangu. Mbuzi iache, huku zipo, za kukalia kabisa kama ya nyumbani, nenda soko lolote la vyombo. Sembe beba kidogo ya kuondolea upweke; unga wa mahindi wa huku ni wa njano na saga yake nyingine. Mwiko beba. Beba na karafuu na iliki za Zanzibar, si kwa kuwa hazipo, ila ni zawadi inayoeleweka mara moja mlango wowote utakaobisha.

Ukifika Pune usiulize "chakula cha Kihindi kizuri kiko wapi," watakupeleka hoteli ya Kipunjabi. Uliza pithla na bhakri. Bhakri ni mkate wa mtama au uwele, unapigwa kwa viganja bila mafuta. Pithla ni unga wa dengu uliopikwa mzito na haradali na pilipili mbichi. Pembeni thecha, pilipili na vitunguu saumu vilivyopondwa. Ni chakula cha mkulima wa Maharashtra. Na ukialikwa, kula kwa mkono wa kulia, usimwekee mwenzio kwa mkono uliokwisha kula, na mama wa nyumba akikuongezea usikatae mara ya kwanza.

Njoro_Nax:

Kaka tupe basi kipimo cha huo ugali wa ulezi na ndizi. Hapa Naivasha ulezi tunakunywa uji tu.

MwanaTanga_Blr:

Mudde: maji vikombe viwili na chumvi kidogo. Koroga kijiko kimoja cha unga wa ulezi kwenye maji baridi, mimina. Yakichemka, mwaga unga kikombe kimoja katikati uwe kama kichuguu, usikoroge. Punguza moto, acha maji yachemke kukizunguka kwa dakika nne au tano. Hapo sasa shika mwiko, songa kwa nguvu mpaka usiwe na mabonge, funika dakika mbili. Lowesha mikono, finyanga ukiwa bado wa moto.

Ndizi kwa watu sita: ndizi mbichi kumi, zichemshe kwenye tui la pili na manjano makavu, chumvi na pilipili mbichi mbili nzima. Zikilainika mimina tui zito la nazi moja, moto mdogo, usifunike na usiache kukoroga taratibu lisije likakatika. Kamua ndimu nje ya moto. Akka alinifundisha kumalizia kwa kijiko cha mafuta ya nazi ya moto yenye haradali iliyokwisha kupasuka na mvuje punje moja. Hilo kwetu halipo, na nimelichukua.

Njoro_Nax:

Nimejaribu leo. Ndizi zimetoka vizuri sana, mke wangu kaniuliza nimejifunzia wapi. Mudde imeniletea mabonge yenye unga mkavu ndani.

MwanaTanga_Blr:

Nimemwonyesha akka picha yako. Anasema hukuisubiri. Kichuguu lazima maji yakitoboe katikati kabla hujashika mwiko. Chukua mpini wa mwiko, kichome shimo moja katikati ili maji yapande. Na anauliza mliila na mchuzi gani.